Bluu ya Dirishani, Zambarau ya Taa

Pete ilirudi baada ya wiki tatu. Ilirudi ndani ya kikasha kilekile cha mahameli nilichokiona mara ya kwanza, pamoja na ujumbe mfupi wa mnunuzi, dada mmoja Mtanzania anayeishi Muscat: aliagiza jiwe la zambarau, amepokea la bluu. Sonara aliyeiuza, mzee ninayemheshimu sana hapa Arusha, alinipigia simu. Hakufoka.

"Mwanangu, ile picha uliipigia wapi?"

Niliipigia dukani kwake, saa moja jioni, chini ya balbu ya njano inayoning'inia juu ya kaunta. Lenzi ilikuwa ya makro, kamera ilikuwa imetulia kwenye stendi, na picha ilitoka kali kiasi cha kuhesabu kucha nne za dhahabu zinazolishika jiwe pamoja na mikwaruzo iliyo juu ya kila ukucha. Niliionea fahari ile picha. Nilimweleza mzee ukweli wote, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo Jumamosi asubuhi uipige upya. Safari hii tuanzie dirishani."

Makala haya yametokana na Jumamosi ile na nyingine nyingi zilizofuata. Nawaandikia hasa wanaouza vito kwa simu: mabinti wa hereni na vikuku, masonara wa Mombasa na Unguja wenye wateja ng'ambo, na madalali wa mawe wa Arusha ambao siku hizi huanza kutajiana bei kwenye WhatsApp kabla jiwe halijatiwa machoni. Karibu wote huniuliza wanunue kamera gani. Nimeziona picha zao kwa mamia, na ni chache mno zilizoharibiwa na kamera. Zimeharibiwa na taa, na vumbi, na mkono usiotulia, na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui kuhusu jiwe lenyewe.

Jiwe lenyewe ni tanzanaiti. Ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, yenye rangi inayotokana na vanadi, na duniani kote linachimbwa kibiashara mahali pamoja tu, Mirerani, wilayani Simanjiro mkoani Manyara, ndani ya eneo ambalo tangu Aprili 2018 limezungukwa na ukuta wa kilomita 24 na ushei. Liligunduliwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la nchi yetu na kulipeleka sokoni. Mara nyingi jiwe likitoka shimoni mikononi mwa wachimbaji, wale tunaowaita wanaapolo, huwa na ukahawia. Linapashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ukahawia unaondoka, na inabaki ile rangi inayotufanya tubishane kama ni bluu au zambarau.

Wabishanaji wote wana haki. Mzee alinithibitishia hilo kabla hata sijafungua begi la kamera. Alitoa kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua, akanipa kipande kibichi kisichokatwa wala kupashwa moto, kikubwa kama punje ya mahindi. "Kigeuze polepole," akaniambia. Nilikishika kwa koleo dogo, nikakielekeza dirishani. Upande mmoja kilikuwa bluu nzito ya wino. Nikakigeuza robo mzunguko, bluu ikayeyuka ikawa zambarau. Nikakiinamisha, ukatokea upande wa tatu, mwekundu uliokolea wenye ukahawia ndani yake, ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Jiwe moja, dirisha moja, sekunde kumi. Fuwele ya tanzanaiti hupitisha rangi tofauti kwa kila mhimili wake. Moto huufifisha ule upande wa tatu, lakini bluu na zambarau hubaki zikiishi pamoja, na mkataji ndiye anayeamua ipi ikae mbele kwa namna anavyolipanga jiwe kwenye gurudumu.

Kisha mzee alitoa pete yetu, akaiweka chini ya balbu ileile ya kaunta, akawasha. Zambarau. Akaivuta hadi dirishani. Bluu. Hakusema neno.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mwanga wa mchana una miali ya kila rangi kwa wingi unaokaribiana, bluu ikiwemo. Balbu ya njano ina wekundu tele na bluu kidogo mno. Tanzanaiti hurudisha kile ilichopewa: ikinyimwa bluu, inaegemea zambarau. Na hapa ndipo kamera ilipomponza yule dada wa Muscat. Kamera ya kisasa ikiona mwanga wa njano hujirekebisha yenyewe mpaka karatasi iliyo chini ya pete ionekane nyeupe pepe. Mtazamaji akiona karatasi nyeupe, anaamini rangi zote ni sahihi. Lakini kamera haiwezi kulirudishia jiwe miali ambayo balbu haikuitoa. Karatasi ilikuwa nyeupe, dhahabu ilikuwa ya dhahabu, na jiwe lilikuwa la jioni. Asingeweza kushuku chochote.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya lenzi na stendi, ni kuuchagua mwanga na kuujua. Kwa asiye na fedha ya taa, dirisha linatosha kabisa, mradi jua lisipige moja kwa moja. Hapa Arusha dirisha linalotazama kusini ni hazina: kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na dirisha hilo linabaki na mwanga mtulivu. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko siku ya anga jeupe lenye jua kali, kwa kuwa wingu lenyewe ni pazia kubwa lililotandazwa bure juu ya mji mzima. Na ukishachagua dirisha, zima taa ya dukani. Nasisitiza hili kuliko lolote lingine. Pete iliyopigwa nusu kwa dirisha na nusu kwa balbu ina rangi mbili zinazogombana, na hakuna programu itakayozipatanisha.

Anayenunua taa asome boksi. Kuna herufi tatu, CRI, zenye namba pembeni yake. Namba hiyo hueleza uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi, na ukomo wake ni 100. Kwa vito usiende chini ya 95. Taa nyingi za bei ya chini ziko karibu na 80, na zina mapengo katika rangi ambayo jicho haliyaoni, ila jiwe linayaona. Kingine ni joto la rangi, linaloandikwa kwa kelvini: 5500 hivi ni mchana, 2700 ni balbu ya njano ya sebuleni. Ukishawasha taa yako, ifundishe kamera weupe kwa kutumia kadi ya kijivu ya wapiga picha, wala usitumie karatasi ya fotokopi. Karatasi ya fotokopi hutiwa kemikali za kuifanya ing'ae, nazo huongeza bluu kidogo pale zinapopigwa na mwanga wa mchana. Ukiipa kamera karatasi hiyo kuwa ndio weupe, itapunguza bluu kwenye picha nzima, na bluu ndiyo uliyotoka nyumbani kuiuza.

Turudi kwa mzee. Tuliisogeza meza ndogo hadi dirishani, nikaiweka pete juu ya manila nyeupe, nikachungulia kupitia lenzi. Katika ukingo wa pete kulikuwa na mstari mwekundu. Nikaisogeza, mstari ukasogea. Nikafuta lenzi, upo palepale. Mzee alicheka akaonyesha kidole kifuani pangu: nilikuwa nimevaa shati jekundu.

Dhahabu iliyong'arishwa ni kioo. Ukiitazama pete unaona chumba kizima kimekunjwa ndani ya milimita tatu: dirisha, dari, mkono wako, kamera yako, uso wako. Ndiyo maana naamini kupiga picha ya pete kunahitaji kupanga kwanza vile vinavyoizunguka. Nilivaa koti jeusi la mzee, kisha tukatengeneza kibanda. Tulichukua katoni ya soda, tukakata madirisha pande mbili na juu, tukayaziba kwa bafta nyembamba nyeupe iliyovutwa ikakaza kama ngoma. Mbele tukaacha tundu la lenzi tu. Mwanga ukipita kwenye bafta hutawanyika, ukuta mzima wa kitambaa unageuka kuwa taa moja kubwa laini, na pete inakuwa na kitu cheupe safi cha kuakisi badala ya makabati na shati langu. Anayekosa bafta atumie karatasi ya kuokea mikate. Gharama ya kibanda chetu ilikuwa bei ya kitambaa tu.

Lakini weupe ukizidi nao ni ugonjwa. Pete ya dhahabu nyeupe au ya fedha ndani ya kibanda cheupe juu ya karatasi nyeupe hupotea. Kingo zake huyeyuka kama barafu kwenye maziwa. Dawa yake ni kinyume cha mnavyodhani: unaongeza weusi. Kata vipande viwili vya manila nyeusi, vyembamba kama rula, visimamishe kushoto na kulia kwa pete, nje kidogo ya picha. Ghafla pete inapata mstari mweusi mwembamba kila upande, na umbo lake linasimama. Nimewahi kuwaona watu wazima wakishangilia kwa sauti mara ya kwanza walipokisogeza kile kipande cheusi na kuona chuma kikipata mwili.

Jiwe nalo lina tatizo lake katikati. Mara nyingi picha ya karibu huonyesha doa jeusi katikati ya kito, na muuzaji huanza kujitetea kwamba jiwe ni safi. Jiwe kweli ni safi. Doa ni kivuli cha kamera, au cha kichwa cha mpiga picha, kilichoingia ndani ya jiwe na kurudishwa na nyuso zake za chini. Kadiri unavyosogea karibu ndivyo unavyozidi kulizibia jiwe mwanga. Hapa ndipo urefu wa lenzi unapokuwa na maana: lenzi ya makro ya milimita 100 huanza kuonyesha kitu kwa ukubwa wake halisi kikiwa sentimita 30 hivi kutoka kwenye kihisi cha kamera, wakati lenzi fupi hukulazimisha kuinama mpaka pua ikaribie pete. Ukiona katikati si peusi ila panaonyesha karatasi iliyo chini, kana kwamba jiwe limetobolewa, hilo halihusiani na kamera. Ni jiwe lililokatwa bila kina cha kutosha, mwanga unapita badala ya kurudi. Lionyeshe hivyo hivyo lilivyo.

Sasa ukali. Watu wengi hudhani picha ya karibu ikiwa na ukungu ni kwa sababu mkono ulitetemeka. Wakati mwingine ndivyo, lakini mara nyingi ni hesabu. Makro ya kweli ni ile inayokichora kitu kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi: milimita 10 za pete zinachukua milimita 10 za kihisi. Kihisi kikubwa cha kamera za kitaalamu kina upana wa milimita 36, hivyo pete ya milimita 20 inajaza zaidi ya nusu ya picha. Kwa ukuzaji huo, ukifungua tundu la lenzi kwa f/11, sehemu inayokuwa kali ina unene wa milimita moja na robo hivi. Ni nyembamba kuliko sarafu. Ukiilenga meza ya jiwe, yaani uso wake bapa wa juu, kucha zinaanza kulegea. Ukizilenga kucha, mgongo wa pete umeshatokomea.

Njia inayomjia kila mtu ni kulibana tundu hadi f/22. Kwenye makaratasi unene unaongezeka maradufu. Kwenye picha unapata laana nyingine: mwanga ukilazimishwa kupita kwenye tundu jembamba husambaa, na katika makro tundu hufanya kazi kana kwamba ni dogo mara mbili, f/22 ikawa kama f/44. Picha nzima inalegea, mbele na nyuma, kama iliyopigwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Mimi sivuki f/11 kwa kito, na mara nyingi nabaki f/8.

Waliobobea hutumia mlundo wa picha. Unaweka kamera kwenye stendi, unazima ulengaji wa kujiendesha, unapiga picha ya kwanza ukilenga sehemu ya mbele kabisa ya pete, unasogeza fokasi chini ya milimita moja, unapiga tena, unasogeza, unapiga, hadi ufike nyuma. Pete ya kina cha milimita 20 kwa f/8 inataka picha kama 30. Kisha programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker, au hata Photoshop, inachukua sehemu kali ya kila picha na kuziunga kuwa moja. Matokeo yake ni ya ajabu. Unaona pete nzima kuanzia ukucha wa mbele hadi muhuri wa karati ulio ndani ya mgongo.

Jumamosi ile tulijaribu. Nilipofika picha ya kumi na tisa, wingu kutoka upande wa Mlima Meru lilipita mbele ya anga letu, na picha zilizobaki zote zikatoka na ubaridi. Mbele ya pete jiwe lilikuwa na rangi moja, nyuma rangi nyingine. Tulipoanza tena, lori lilipita barabarani na meza ikatetemeka kiasi ambacho sisi hatukukihisi, ila pikseli zilikihisi. Mara ya tatu tuliwasha taa mbili nzuri za LED nje ya bafta, tukazima feni, tukaweka saa ya kamera ya sekunde mbili ili kidole changu kisiguse kitu wakati wa kupiga, na tukasubiri barabara itulie. Zilitoka. Tangu hapo nina utaratibu ambao sijauvunja: dirishani napiga picha moja tu, iwe shahidi wa rangi, mlundo naupiga kwa taa, kisha naulinganisha na yule shahidi.

Lakini nitasema wazi kwamba muuzaji wa mtandaoni hahitaji mlundo. Anahitaji kuipanga pete ili uso wa jiwe uelekee kamera sawasawa, bila kuinama, kama kitabu kilichofunguliwa mbele ya msomaji. Milimita moja na robo zinatosha kuusoma uso huo wote, na mgongo wa pete ukififia nyuma unapendeza, unalipa jiwe nafasi. Tatizo ni kwamba pete haipendi kusimama. Donge dogo la nta ya nyuki, kama nusu ya punje ya wali, likiwekwa chini ya mgongo wake huishika wima bila kuacha alama.

Na mwenye simu tu? Afanye kazi na simu yake bila unyonge. Kosa kubwa la simu ni kusogea mno. Simu kadhaa, ikiwemo iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, hupiga makro kwa kutumia lenzi yao pana kutoka umbali wa sentimita mbili. Kwa ua la bustanini ni raha. Kwa pete ni hasara: simu yenyewe inaziba mwanga, na lenzi pana inalivimbisha jiwe lililo karibu na kuukondesha mgongo ulio nyuma, hadi pete inafanana na kijiko. Rudi nyuma sentimita 15 au 20, tumia lenzi ya mara mbili au mara tatu kama simu yako inayo, kisha ikate picha baadaye. Egemeza simu kwenye vitabu au bilauri. Gusa jiwe kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka fokasi ifungwe, halafu punguza mwangaza kidogo ili weupe usiunguze nyuso za kito. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini. Imekaa mfukoni na mafuta ya vidole siku nzima. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, maana ukiituma kwa njia ya kawaida, nusu ya kazi yako inabanwa na kutupwa.

Nimechelewa kutaja vumbi, na vumbi ndilo linalokula muda wangu mwingi. Chembe ya sehemu moja ya kumi ya milimita haionekani kwa urahisi kwa macho. Kwenye makro ya ukubwa halisi, kihisi chenye pikseli 6000 kwa upana kinaichora chembe hiyo kwa pikseli 16 au 17. Chapa picha hiyo kwa upana wa sentimita 36, na chembe inakuwa milimita nzima, kama kidonda usoni mwa bibi harusi. Lakini usilifute jiwe kavu. Ugumu wa tanzanaiti ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, na vumbi la kawaida lina mchanga wa kwazi wenye ugumu wa 7. Kitambaa kikavu juu ya vumbi ni msasa. Mzee huziosha pete kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto, anazikausha kwa kuzigusa tu, kisha hatuzishiki tena kwa vidole vitupu. Vumbi linaloangukia baadaye naliondoa kwa kipuliza hewa cha mpira na brashi laini.

Na joto. Tanzanaiti haipendi kubadilishiwa joto ghafla, inaweza kupasuka. Nimekuta wapiga picha wakisogeza taa za halojeni, zile zinazounguza mkono, hadi kiganja kimoja kutoka kwenye jiwe, kisha wanalipeleka chini ya feni. Zile mashine za kuoshea kwa mitetemo nazo ziwekwe mbali nayo. Nawaomba wenzangu walichukulie hili kwa uzito, kwa sababu jiwe ni la mtu, mara nyingi ni akiba ya familia, na sisi tumepewa kwa dakika chache tu.

Almasi ni habari nyingine, nami nitaigusa tu. Kibanda cha bafta kinachoipendeza tanzanaiti huiua almasi. Almasi inavunja mwanga kwa nguvu kiasi kwamba mwali ukishaingia ndani na kuugonga ukuta kwa pembe inayozidi digrii 24 na nusu hivi hautoki, unarudishwa ndani, na katika kutoka kwake juu hugawanyika kuwa rangi. Ili ugawanyike unahitaji kuja kama mwali mmoja mwembamba. Mwanga laini wa kila upande huizimisha ikawa kama glasi. Tazama picha zozote nzuri za bruchi ya Malkia Elizabeth wa Pili yenye almasi ya waridi kutoka Mwadui, Shinyanga, ile iliyochimbwa mwaka 1947 ikiwa na karati 54.5 na kubaki 23.6 baada ya kukatwa: lazima uone vimulimuli vikali ndani ya jiwe, alama ya taa ndogo zilizolenga. Kwa almasi, baki na bafta kwa ajili ya chuma, kisha toboa upenyo mdogo na upitishe taa moja ndogo, hata tochi nzuri ya LED.

Baada ya picha kupatikana huja kompyuta, na hapo ndipo namwona muuzaji mwaminifu na asiye mwaminifu wakiachana njia. Kuondoa vumbi lililoanguka wakati wa kupiga ni sawa. Kuondoa ufa au doa lililozaliwa na jiwe ni wizi. Kuivuta rangi ya tanzanaiti hafifu mpaka ifanane na ile nzito ni wizi, kwa kuwa uzito wa rangi ndio bei. Hata dhahabu ina ukweli wake: ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 22 ina karibu asilimia 92, na unjano wake umekolea zaidi. Ukiongeza unjano kidogo kwenye skrini, umeipandisha pete karati nne bila kuweka hata gramu ya dhahabu. Mama anayenunua kwa ajili ya harusi ya mwanawe ataijua tofauti hiyo siku atakapoiweka pete hiyo pembeni mwa bangili zake.

Saa saba mchana tulimaliza. Tulikuwa na picha ya dirishani yenye bluu tulivu, kucha nne safi, na mgongo wa dhahabu usio na shati jekundu. Nilianza kufunga vifaa. Mzee akanizuia. "Bado moja," akasema, akairudisha pete kaunta, akawasha ile balbu ya njano. "Na hii piga. Jiwe lina haki ya kuonekana na jioni."

Nilipiga, safari hii nikiwa nimeizuia kamera isijirekebishe, ili unjano wa balbu uonekane kwenye karatasi na kila mtu ajue ni taa. Tukaziweka picha mbili pamoja. Chini ya ya kwanza tukaandika: mwanga wa mchana, dirishani. Chini ya ya pili: balbu ya njano, usiku. Tukaongeza uzito kwa karati na upana kwa milimita, tukaweka na picha ya pete ikiwa kidoleni, maana kwenye makro jiwe la karati moja, ambalo ni moja ya tano ya gramu, linaweza kuonekana kubwa kama embe.

Pete ilinunuliwa na mwalimu mmoja wa Moshi aliyeziona picha zote mbili, na haijarudi. Mzee alimrudishia yule dada wa Muscat fedha zake, na baadaye dada huyo alinunua jiwe jingine baada ya kutumiwa jozi yake ya picha.

Ewe unayeuza tanzanaiti, tuma picha mbili, ya mchana na ya taa, na uandike ipi ni ipi. Nawe unayenunua, ukitumiwa moja, iombe ya pili kabla hujatuma fedha.